Mto Uliotundikwa Kichwa Chini

Wiki moja baada ya kumzika mama, senge yetu, dada yake marehemu baba, alipanda juu ya kiti cha plastiki, akaitoa ile picha ukutani, akaipangusa vumbi kwa leso yake na kuitundika upya. Safari hii miti ikaelekea juu na mto ukawa chini, kama mito yote ya dunia hii. Akateremka ameridhika. Akasema maskini wifi yake ameishi miaka yote na picha imepinduka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeona haya akairekebisha. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vikombe vya wageni. Nilipotoka na kuona alichofanya, nilimfokea. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, amesafiri kutoka Bungoma na miguu iliyofura, nami namfokea mbele ya watu kwa sababu ya picha. Sijivunii. Ila jioni hiyo niliona kama amemtoa mama mle ndani kwa mara ya pili.

Nyumba hii ya mama iko Kawangware, upande wa kwenda Riruta. Ina vyumba viwili na dirisha kila chumba, na mama aliyapenda hayo madirisha kuliko kitu kingine chochote alichowahi kulipia kodi. Lakini picha ni ya zamani kuliko nyumba. Tulihama nayo kutoka Kibera, kijiji cha Raila, na huko hatukuwa na dirisha hata la kutolea moshi.

Chumba chetu cha Raila kilikuwa na mlango wa bati, kitanda kimoja, na shuka jeupe lililoning'inizwa katikati kugawa upande wa kulala na upande wa kupikia. Kilinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Baba alikufa kabla mdogo wangu Wafula hajaanza kutembea, kwa hiyo mama alifua nguo za watu. Kila asubuhi alikwenda kukaa nje ya mageti ya wenye nazo, yeye na wanawake wenzake, wakingoja mtu atoke aseme leo kuna nguo. Shule zikiwa wazi mambo yalikwenda. Mimi nilikuwa darasani na Wafula alikuwa chekechea. Likizo ndiyo ilikuwa balaa, maana likizo mama alitufungia.

Alitufungia kwa utaratibu. Alitoka, akavuta mlango, akabana kufuli kwa nje mpaka likalia, kisha akausukuma ufunguo chini ya mlango tubaki nao sisi. Alikuwa ameupiga hesabu mpango huo. Mtu mbaya akipita ataona kufuli, ajue hakuna mtu. Moto ukizuka, nisukume ufunguo nje na nipige nduru, yeyote atafungua. Jioni aligonga mara mbili na kuingiza vidole chini ya mlango bila kusema neno, na kazi yangu ilikuwa kuvikagua vile vidole kabla sijatoa ufunguo. Nilivishika kimoja kimoja. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji, ncha zimepasuka kwa sabuni, na kidole kidogo kilikuwa na ukucha uliogawanyika mara mbili. Nikifika kwenye ukucha huo ndipo nilipotoa ufunguo.

Na ilikuwa marufuku kupiga kelele. Safu ya nyuma yetu moto ulishika chumba ambamo mtoto alikuwa amefungiwa, akaponea chupuchupu. Tangu hapo keateka, yule msimamizi aliyewekwa na mwenye ploti, alipita mlango kwa mlango akisema mama yeyote atakayepatikana amefungia watoto atahama siku hiyo hiyo, na watoto watapelekwa kwa chifu. Mama aliwaambia majirani kwamba likizo tunashinda kwa ndugu yake Kianda. Kwa hiyo tulinong'ona. Tulikojoa kwenye kopo polepole ili lisilie. Ploti nzima iliamini mimi na Wafula hatupo, na kuna siku hata mimi niliamini.

Kitu kimoja tu kilituokoa na wazimu. Mlangoni kulikuwa na tundu la msumari, na jua likishapita utosini likaupiga uchochoro wetu, watu waliopita nje walitokea ndani, juu ya lile shuka jeupe. Walikuwa wadogo, na rangi zao zote, na kila mmoja alitembea kichwa chini. Mama wa mboga alipita na karai lake kichwa chini na mboga hazikumwagika. Mbwa walipita wakikimbia juu ya dari yao ya vumbi. Wafula aliwaita watu wa shuka na kuwahesabu kwa kunong'ona. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilijiona najua, nilimfundisha kwamba hao ni watu wanaokaa chini ya sakafu yetu, upande wa pili wa ardhi. Nikamwambia mama anatufungia ili tusije tukatumbukia kwao. Nilikuwa na miaka kumi, yeye minne, na aliniamini kabisa.

Ijumaa jioni shuleni kulikuwa na kilabu cha picha. Aliyekiongoza alikuwa kijana wa Kawangware, tulimwita Ticha Odhis, mwembamba, mcheshi, na mfuko wake ulijaa kamera ndogo za filamu alizoombaomba kwa marafiki. Siku ya kwanza alituambia kamera ni kijumba chenye giza na tundu moja, na kwamba dunia huingia kupitia hilo tundu ikiwa imepinduka. Nikainua mkono nikamuuliza kama mle ndani kuna watoto. Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Ticha hakucheka. Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kuonyesha jinsi ya kuvuta filamu. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Mwishoni mwa muhula akatangaza safari. Wiki ya kwanza ya likizo tungepanda basi hadi misitu ya milima ya Nyandarua, tukapige picha za mito na miti kama watu wa kalenda. Sikulala. Nilimwambia mama akiwa anasonga ugali, nikaongea haraka ili asipate nafasi ya kukataa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hanikatazi kwenda, nimtafutie tu mtu wa kukaa na Wafula. Afadhali angenichapa. Hakuna mtu wa kukaa na Wafula, na sote watatu tulijua, hata Wafula mwenyewe, ambaye aliacha kutafuna. Ticha naye alishasema watoto wadogo hawaruhusiwi. Nilimchukia mama usiku huo, na nilimchukia Wafula zaidi.

Basi nikapanga yangu. Siku ya safari mama alibana kufuli, akasukuma ufunguo, akaenda. Punde nikasikia mkwaruzo mlangoni. Alikuwa Achieng, jirani yetu na rafiki yangu, mtu wa pekee niliyemwambia siri ya kufuli baada ya kumwapisha kwa Mungu. Nikamsukumia ufunguo. Akafungua. Nilikuwa nimeshavaa sare na viatu. Wafula alikaa kitandani na mandazi yake mawili na chupa ya chai, nami nikamwambia nitarudi kabla watu wa shuka hawajaisha.

"Niachie ufunguo," akasema.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa akili zangu timamu. Niliwaza, huyu mtoto hajui kukagua vidole. Mtu yeyote akiingiza mkono atampa ufunguo, hata mbuzi akiweka kwato atapewa. Nikaona ufunguo utakuwa salama zaidi nikiwa nao mimi. Nikautia ndani ya soksi, nikavuta mlango, nikabana kufuli. Mlio ule nilikuwa nimeusikia kutoka ndani miaka yote na ulikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa. Kwa nje ulikuwa mlio mdogo tu. Achieng akanivuta mkono, tukakimbia hadi uwanja wa Kianda ambako basi lilikuwa linanguruma.

Njiani watoto waliimba, nami niliimba. Sitadanganya kwamba nilianza kujuta mapema. Nilianza kujuta tulipoacha lami na miti ikaanza kukaribia madirisha. Sijawahi kuona miti ikiwa mingi hivyo bila mtu kati yake. Tuliposhuka, baridi ilitupiga, na kukawa na harufu ya majani yaliyolowa na udongo mweusi, na kimya kile kikaniingia masikioni hadi nikataka kupiga miayo. Mianzi ilisimama minene, kuvu la kijani limeparamia kila shina. Wenzangu walitawanyika wakipiga mayowe ili wasikie sauti zao zikirudi. Mimi niligundua kwamba naongea kwa kunong'ona. Achieng akaniambia, wee Nekesa, hapa hakuna keateka. Nikajaribu kupaza sauti na haikutoka.

Ticha alituteremsha hadi kwenye daraja la magogo. Chini yake mto ulipita kwa nguvu, maji meupe yakigonga mawe, baridi yake ikitufikia usoni. Akatuambia tupige picha taratibu, kila kamera ni ya watu wawili na kila mtu ana picha kumi na mbili tu. Kisha akasema, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba maji tunayokunywa Nairobi yanatoka milima hii.

Nikamuuliza kama yanafika hata Raila. Akasema yanafika.

"Yanachukua muda gani?"

"Yakitoka saa hii," akasema akirekebisha kamera ya mtu, "jioni yako kwenu."

Alikuwa anatania. Watoto wakacheka, mmoja akasema labda yafike kwa mtungi, maana mifereji ya kwetu ilikuwa mikavu kila mtu akijua. Lakini mimi niliyatazama yale maji yakienda. Karibu na chumba chetu kulikuwa na mtaro uliopeleka uchafu wote wa Raila mtoni, na mvua kubwa ikinyesha uliingia kwenye nyumba za chini. Wakati huo huo manyunyu yakaanza kuanguka juu ya mianzi. Hazikupita dakika nyingi mto ukaanza kubadilika rangi, kwanza kama chai, kisha kama matope. Gogo likaja likibiringika, likapita chini ya miguu yangu, likaenda zake. Nikajua linaelekea wapi. Litafika kabla ya basi. Nyumba zote zitakuwa zinahamwa, watu wanabeba magodoro, na kila atakayepita mlangoni kwetu ataona kufuli na kujua hakuna mtu.

Hapo nilielewa nimefanya nini. Ufunguo ulikuwa kwenye soksi, unanichoma kifundo. Nikauchukua nikaushika ngumini. Nikataka kumwambia ticha turudi. Lakini nikisema kwa nini, ticha atajua mama anafungia watoto, ticha akijua keateka atajua, na keateka akijua tunahama leo na Wafula anaenda kwa chifu. Nisiposema, maji yatafika. Niligeuza hilo jambo kichwani kila upande na kila upande ulikuwa na ukuta. Msitu wote ule, na sikuwa na pa kupitia. Nilikuwa nimefungiwa vibaya kuliko siku yoyote, kwa sababu hapa sikuwa hata na tundu la msumari.

Nikamwambia ticha naumwa tumbo, naomba turudi. Akanipa biskuti na sweta lake. Tukala chakula kwanza. Tukasubiri mvua ipungue. Mlinzi wa msitu akaja kutuhutubia kuhusu ndege, na watoto wakamuuliza maswali, maswali mengi, ningewameza wote. Achieng alinikanyaga mguu akanionyesha kwamba nalia. Ticha akanijia akasema sijapiga hata picha moja, na safari imekwisha. Akanivalisha kamera shingoni. Nikaweka jicho kwenye kile kidirisha, nikaona mto umekuwa mdogo, umeingia ndani ya fremu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaweza kuvuta pumzi. Nikabonyeza. Nilipiga hiyo moja tu. Nyingine nilimwachia Achieng.

Kurudi, kila mahali basi lilipovuka daraja nilisimama kuangalia kama maji yametupita. Ngumi yangu ilinuka chuma. Basi lilipotushusha Kianda nilikimbia bila kuaga. Nikateremka vichochoro nikitafuta matope, nikitafuta watu wenye magodoro vichwani. Kulikuwa na vumbi. Vumbi jeupe, kavu, na watoto wanacheza mpira wa karatasi, na jua la jioni limepiga mabati yote yanawaka. Halikuwa limeanguka tone.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wetu.

Alikuwa na karai la mboga mapajani na anachambua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nyuma yake, chini, umeingia chini ya mlango mpaka kwenye kiganja. Kufuli lilikuwa mahali pake. Miaka mingi baadaye ndipo aliponisimulia, akicheka hadi machozi yakamtoka. Siku hiyo hakuna aliyetoka kutafuta wa kufua, kwa hiyo mchana alirudi, akagonga mara mbili, akaingiza vidole. Akasikia vidole vidogo vikimkagua kimoja kimoja mpaka kwenye ukucha uliogawanyika. Ndipo Wafula akanong'ona kutoka ndani, "Ni wewe. Lakini ufunguo umeenda kupiga picha."

Hakuweza kuvunja kufuli. Angevunja, ploti nzima ingetoka kuangalia, na keateka naye. Kwa hiyo alinunua mboga asizozihitaji ili apate sababu ya kukaa mlangoni. Alikaa kutoka saa saba. Alimpitishia Wafula vipande vya chapati kwa chini, na kila mtu aliyepita alimsalimia akamjibu vizuri, na mkono wake haukutoka.

Aliponiona hakusimama. Alinyoosha mkono wenye majani ya mboga.

"Lete," akasema.

Nikampa. Alama ya ufunguo ilikuwa imejichora kwenye kiganja changu na aliiona. Akafungua. Wafula alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mashavu yana vumbi, anacheka. Akaniambia mama alikuwa kwenye shuka leo, siku nzima, mkubwa, kichwa chini, hata amejaribu kumshika.

Nilingoja kupigwa. Nilitaka nipigwe, yaishe. Mama alitazama shuka, akatazama tundu la mlangoni, akatutazama sisi. Kisha akatutoa nje wote wawili, akaingia yeye na ufunguo wake.

"Fungeni," akasema kutoka ndani. "Na kufuli."

Nilivuta mlango nikabana. Tukabaki uchochoroni mimi na Wafula, watoto ambao hawakuwepo, mbele ya watu wote. Mama Achieng alikuwa anawasha jiko mlangoni pake. Alituona, akaona kufuli, akasikia mama akikohoa ndani, na akaacha kupepea jiko. Watu walipita. Nilijua kila anayepita, mama anamwona pale kwenye shuka, na mimi na Wafula tumo, kichwa chini, tunamngoja. Halafu tukasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama, hata tulipomzika baba. Alikuwa analia kwa kunong'ona, kama tulivyokuwa tunalia sisi.

Wafula hakunong'ona. Alilala kwenye vumbi, akagonga mara mbili, akaingiza vidole chini ya mlango. Tukangoja. Nilimwona akitabasamu kidogo, nikajua mama ameanza kuvikagua, kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho, ufunguo ukatoka.

Asubuhi yake mama hakubana kufuli. Alikwenda kwa mama Achieng kabla hajaenda kazini, akakaa huko muda, akatoka macho mekundu. Mama Achieng alimwambia alikuwa akitusikia tukihesabu watu tangu likizo iliyopita, na alikuwa akingoja aambiwe. Likizo hiyo yote tulishinda mlangoni pake tukimpepea jiko.

Picha yangu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Haikuwa nzuri. Mto wa matope, gogo, mianzi kwa pembeni. Wafula aliipokea, akaitazama, akaigeuza miti ikawa chini, akasema sasa iko sawa. Nilianza kubishana naye. Mama akainyang'anya, akatafuta msumari na jiwe, akaipigilia ukutani vile vile alivyoishika Wafula.

"Sisi wa nyumba hii tunaiona hivi," akasema, na hakuna aliyeuliza tena.

Hayo yote nilimsimulia senge jioni ile baada ya kumwomba msamaha, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Alisikiliza hadi mwisho. Alitoa miguu majini, akaipangusa kwa leso, akakivuta tena kile kiti cha plastiki hadi ukutani. Wafula, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliinuka akamshikia kiti.